Karatasi Kumi na Mbili za Kigombe

Uppsala, 2 Mei 1993

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila midomo inapasuka kwa baridi ambayo wenyeji wa huku wanaiita joto. Barua yako ya mwezi wa tatu ilifika pamoja na kashata. Zilikuwa zimevunjika vipande vidogo, nikazila kwa kijiko. Nimefurahi kusikia zahanati imeezekwa upya, na kwamba sukari siku hizi inapatikana hata Kigombe bila kupanga foleni. Nisalimie ba' mdogo Haroub, umwambie betri za redio sijazisahau.

Sasa jambo langu, maana nikichelewa kulisema nitapasuka.

Nilikuambia niko kwenye maabara ya kupima protini na kwamba sijapewa kazi yangu mwenyewe. Nimepewa. Kazi yangu ni mkojo wa wajawazito. Usicheke kwanza. Ndani ya mkojo wa mwenye mimba mna vipande vidogo vidogo vya protini, vinaitwa peptidi, na kila kimoja kina uzito wake. Tuna mashine inayoupima uzito huo. Natia tone kwenye kijisahani cha chuma, nalichanganya na dawa inayoganda kama chembe za chumvi, kisha mwanga mkali wa leza unalipiga. Vipande vinaruka ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote, vinashindana mbio. Vyepesi vinafika mwanzo, vizito vinafika mwisho, na mashine inaandika kila kimoja kimefika lini. Inatoka karatasi yenye mstari wa milima, na kila mlima ni kipande kimoja. Mara ya kwanza nilipoiona milima ile ikichorwa, Mama mdogo, nilikaa sakafuni. Kitu tunachokimwaga kila asubuhi kimejaa maandishi, na hakuna aliyekuwa akiyasoma.

Profesa wangu, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, ana wajawazito ishirini wa mji huu. Nami nimetia wangu, kwa kuwa lazima awepo mtu asiye na mimba wa kulinganisha. Lakini nataka wa kwetu. Nilimwomba siku tatu mfululizo hadi akakubali ili nimwache anywe kahawa yake.

Nakuletea karatasi kumi na mbili za kuchujia. Wajawazito kumi na wawili wa kliniki yako, kila mmoja achovye karatasi moja kwenye mkojo wa asubuhi, uikaushe kivulini, uitie kwenye kibahasha chake. Jina usiandike. Andika namba, tarehe, na mimba ina muda gani. Basi.

Kwa nini nataka wa kwetu, hujaniuliza. Siku utakayoniambia mama yangu alikufaje, nitakuambia kwa nini nilichagua kemia.

Mwanao,
Thuwaiba


Kigombe, 6 Juni 1993

Mwanangu Thuwaiba,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikifurahi, mara ya pili nikijiuliza kama nilikusomesha ili uje kuninunulia mikojo. Sisi tu wazima. Mvua zimekuwa nyingi, barabara ya Pangani ina mashimo ya kumeza ng'ombe. Shamba la mkonge lina tajiri mpya, watu wanasema ataajiri, wengine wanasema atauza vyuma. Haroub mwezi ujao anakwenda Pemba kwenye karafuu za babake, na huko nako nasikia ndugu hawaamkiani kwa sababu ya vyama. Mimi mwenyewe nina uchovu tu na sipendi harufu ya samaki, na ukikaa Kigombe hupendi harufu ya samaki, utakwenda wapi?

Habari ya karatasi zako. Alhamisi iliyopita, siku ya kliniki, nilisimama mbele ya akina mama nikawaeleza kama ulivyonieleza, mashine, mbio, milima. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakaanza. Mmoja akasema mkojo ni najisi, itakuwaje usafiri bahasha moja na barua iliyoanzwa kwa bismillahi? Mwingine akasema kitu kilichotoka mwilini mwako kikishikwa na mtu usiyemjua, anaweza kumfunga mtoto tumboni asizaliwe. Mwatumu unamkumbuka, yule wa karibu na soko, ambaye mimba zake huzitangaza mwenyewe zikiwa za wiki mbili. Hii ni mimba yake ya sita. Akasema, "Nesi, mimi sijafika hata Korogwe, mkojo wangu ukapande ndege?" Wakacheka mpaka mizani ya watoto ikatikisika, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyenyoosha mkono.

Usikate tamaa. Niachie mimi. Siku za kliniki ni nyingi, na mtu hapewi jibu lake lote siku moja.

Ulilouliza la mama yako, alikufa kwa homa. Nilikwisha kukuambia.

Mama mdogo wako,
Semeni


Kigombe, 28 Agosti 1993

Mwanangu Thuwaiba,

Salamu nyingi. Haroub yuko Pemba, nyumba kimya, nakula peke yangu na kuongea na paka. Vidonge vya klorokwini vimekwisha zahanati, na sasa wagonjwa wanaambiwa wachangie, wengine wanageuka mlangoni.

Karatasi zako hizi hapa, kumi na mbili. Namba, tarehe, muda wa mimba, kama ulivyotaka. Nilizikausha juu ya kabati, jua halikuzigusa. Kila moja nimeiandika kweli.

Usiniulize sana habari zake. Fanya kazi yako.

Semeni


Uppsala, 20 Septemba 1993

Mama mdogo!

Shikamoo. Uzima upo, usingizi haupo, chakula nakula nikikumbushwa. Siwezi kuandika salamu ndefu, utanisamehe.

Zimefika. Zote kumi na mbili, kavu, safi, hazijaota ukungu. Nilikata kipande cha kila moja, nikakiroweka, nikakisafisha, nikakitia mashinani kwa kufuata namba. Namba moja, mimba ya miezi miwili. Namba mbili, miezi miwili na wiki. Mpaka namba kumi na mbili, miezi minne na nusu. Kuna kipande cha homoni ya mimba ambacho mlima wake unajulikana, unapanda mwanzoni kisha unashuka. Kwa wajawazito ishirini wa hapa unapanda na kushuka ovyo, huyu mkubwa, huyu mdogo, kila mtu na mwili wake. Kwa wa kwetu, Mama mdogo, unapanda na kushuka kama ngazi iliyopimwa na fundi. Sijaona kitu kizuri namna hii maishani mwangu.

Na si hilo tu. Karibu na mwanzo wa mstari kuna mlima mwembamba, mrefu kama mnazi, ambao hakuna mwanamke hata mmoja wa hapa aliye nao. Kumi na mbili zote zinao. Mahali palepale, uzito uleule. Nikarudi kwenye karatasi yangu mwenyewe, ile ya kulinganisha, nikautafuta. Upo! Mdogo, lakini upo. Nimewaza ni alama ya wanawake wa pwani yetu. Chakula? Maji ya visima? Kitu tulichozaliwa nacho? Sijui, na kutojua kwenyewe kunanifanya nitembee huku nikikimbia.

Nimemwambia profesa. Akasema, "Ngoja." Ndivyo anavyosema kuhusu kila kitu. Mwezi wa kumi na moja kuna mkutano wa maabara zote za hapa, na mimi nitasimama niseme habari za Kigombe mbele ya watu mia. Nimeanza kuandika.

Wape shukrani akina mama wote kumi na wawili. Mwatumu mwambie mkojo wake umefika mbali kuliko Korogwe.

Mwanao mwenye furaha,
Thuwaiba


Uppsala, 11 Oktoba 1993

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata barua yako na sikuingoja. Natumai u mzima. Safari hii si neno la kuanzia barua, nauliza kweli.

Ijumaa profesa alizichukua karatasi zangu kumi na mbili za milima akazipeleka dirishani. Aliziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo, mwanga ukipita nyuma, akazilinganisha pembe. Ukiuacha ule mlima wa homoni, unaopanda na kushuka kwa miezi, iliyobaki yote ililala, kila mmoja juu ya mwenzake. Milima mikubwa kwa midogo, hata vile vichuguu nisivyovihesabu. Ilionekana karatasi moja yenye mstari mnene.

Nikasema, kwa vile bado nilikuwa na kiburi, kwamba ndiyo hiyo alama ya pwani yetu. Akaichukua na karatasi yangu mwenyewe akaiweka juu, ule mlima kama mnazi ukakaa mahali pake. Akanigeukia. Kisha akasema, "Hii si pwani. Hii ni nyumba moja."

Nilikwenda kukaa chooni, Mama mdogo, nikafunga mlango. Kwanza niliona haya. Nilikwisha waambia watu. Kisha haya ikaondoka nikaanza kuhesabu. Tarehe zako zote ni Alhamisi, wiki kwa wiki, kumi na mbili. Muda wa mimba unaongezeka wiki kwa wiki. Hukuandika uongo hata kwenye karatasi moja. Uliandika kweli ya mtu mmoja mara kumi na mbili. Na mtu huyo ana kitu mwilini ambacho ninacho mimi. Na hapendi harufu ya samaki.

Sikuulizi. Najua umepoteza mimba tatu, na ile ya tatu ulikuwa umekwisha shona nguo na watu wamekwisha leta zawadi. Najua kwa nini mtu anyamaze. Ningekuwa mimi ningenyamaza hata kwako.

Lakini niulize hili moja, ujibu hata kama hutajibu mengine. Wewe ndiye unayewapima wajawazito wote wa Kigombe. Wewe nani anakupima? Kadi yako ya kliniki iko wapi? Nani anakufunga mkono akuangalie presha? Uko miezi sita sasa, na una miaka thelathini na minane.

Sijakasirika. Nilidhani nitakasirika, nikajikuta nacheka peke yangu kwenye baiskeli, kwa sababu una mimba ya miezi sita na imekaa. Mkutano nimemwachia mwingine.

Niletee karatasi nyingine. Kata hata karatasi ya kuchujia chai, yoyote safi. Ya kwako.

Thuwaiba


Kigombe, 14 Novemba 1993

Mwanangu,

Marahaba. Paka kazaa, watatu. Haroub atarudi katikati ya Desemba, karafuu zikianikwa zote. Batul wa mzee Lalji, mwenzio wa shule, alipita hapa akielekea Pangani, akaacha biskuti, na anakuambia simu ya dukani kwao imetengenezwa, ukitaka kupiga.

Basi. Barua yako niliiweka chini ya mto siku nne.

Ni kweli. Akina mama walikataa, nami nilikuwa na karatasi zako mezani, nyeupe, na nilikuwa na mkojo. Alhamisi ya kwanza nilichovya moja, nikasema wiki ijayo watakubali, nitaitupa hii. Wiki ijayo hawakukubali, nikachovya ya pili. Nilifika mahali nikawa naingojea Alhamisi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ila Haroub, na yeye nilimwapisha. Karatasi ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nikikiambia, na haikuwa na mdomo wa kunipa pole mapema. Nilijua nakuharibia kazi. Nilidhani mikojo yote ni mikojo.

Umeniuliza kadi. Sina. Nitakaa benchi lipi, nikipima wenzangu kisha nizunguke meza nijipime mwenyewe? Nikitoa kadi, jina linaingia kitabuni, na likiingia kitabuni limeingia kijijini. Navaa baibui pana. Niache mpaka mwezi wa nane wa mimba upite.

Miguu inavimba kidogo, viatu vyangu havinitoshi, navaa vya Haroub. Kichwa kinauma jioni. Ni joto.

Sasa la mama yako, kwa kuwa umekwisha kunifungua mdomo.

Tulikuwa tunakaa Pongwe. Mize alikuwa na mimba ya miezi minane, wewe una miaka minane pia. Miguu ilivimba. Kichwa kilimuuma siku tatu, akawa anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Kisha akakakamaa, akatetemeka mwili mzima. Wazee wakasema ni pepo anataka ubani. Barabara ilikuwa mlangoni, Thuwaiba, na hospitali mwendo wa nusu saa kwa gari. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miguu mizima, na niliyetumwa kununua ubani ni mimi. Nikaenda nikanunua. Niliporudi alikuwa amekwisha kufa.

Ugonjwa ule unaitwa kifafa cha mimba. Jina nilikuja kulijua darasani, mwaka wa kwanza wa uuguzi, nikaomba ruhusa nikatoka nje. Ndiyo homa niliyokuambia.

Karatasi moja hii hapa, ya Alhamisi tarehe kumi na moja. Ni yangu.

Semeni


Uppsala, 2 Desemba 1993, Alhamisi

Mama mdogo,

Barua hii itakufikia imechelewa, lakini nisipoandika sitajua la kufanya na mikono yangu.

Karatasi yako iliingia jana. Nilikuambia vyepesi vinafika mwanzo na vizito mwisho. Figo ni chujio, vizito havitakiwi kupita. Mwishoni mwa mstari wako, mahali ambapo kwenye karatasi zote kumi na mbili palikuwa tambarare, pameota kilima. Ni protini nzito ya damu. Chujio linavuja. Nilirudia mara nne. Profesa akarudia mwenyewe mara ya tano, na kwa mara ya kwanza hakusema "Ngoja." Alinisukumia simu.

Nimempata Batul. Nimemwambia afunge duka na aje Kigombe na pikapu ya kaka yake sasa hivi. Sikumwambia kwa nini, siri ni yako. Nilimpa maneno machache tu akuletee: "Thuwaiba anasema, chemsha wako kama unavyochemsha wa wenzio." Akasema, "Nimesikia," simu ikakatika.

Mkojo ulioko kwenye karatasi ni wa wiki tatu zilizopita. Mashine imeniambia ulivyokuwa. Haijui ulivyo.

Miguu, kichwa. Uliandika mwenyewe, juu ya ukurasa, ukasema ni joto. Na chini, kwenye ukurasa uleule, ukaandika habari za mama yangu.

Mkononi mwa Batul hakuna ubani safari hii. Panda gari.

Thuwaiba


Tanga, 9 Januari 1994

Mwanangu Thuwaiba,

Batul amekwisha kukuambia kwenye simu kwamba tu hai, najua, na kwamba ulilia mpaka akaweka mkono wa simu mezani akahudumia mteja kwanza. Mengine nakuambia mimi.

Ilikuwa saa nne na nusu, kliniki imejaa, benchi lote na nje. Batul akaingia na miwani yake ya jua, akapita foleni. Mwatumu akamwambia, "Mama wa dukani, hata huku unataka kuuziwa wa kwanza?" Batul alimpita. Aliniinamia sikioni akasema maneno yako. Nilitaka kumwambia akanywe maji. Kisha nikakumbuka vimulimuli. Sikukuandikia kwamba nilikuwa nimeanza kuviona, juzi yake, nikipepeta mchele.

Nikaingia chumba cha ndani. Vile vijiti vya kupimia vilikwisha tangu Julai, kwa hiyo tunachemsha kwa njia ya zamani, neli na taa ya spiriti na tone la siki. Nimefanya hivyo mara elfu. Mkojo ukaganda kama ute wa yai, dalili ya protini. Nikaosha neli nikarudia na siki mpya, ukaganda. Nikaja mezani, mbele yao wote, nikajifunga kipimo cha presha mkono wa kushoto, nikapampu kwa wa kulia, bomba la kusikilizia masikioni. Mia moja sabini, chini mia moja kumi na tano. Nikafungua, nikasema, "Akina mama, leo kliniki inaahirishwa. Mimi ni mjamzito na naumwa."

Nilingoja mshtuko. Hakuna aliyeshtuka. Mwatumu akainuka na tumbo lake limemtangulia, akaanza kukusanya vitu vyangu. "Nesi, tunajua tangu mwezi wa saba. Ulikuwa ukitapika nyuma ya tangi. Tulikuwa tunakusitiri tu." Kumbe wiki zote zile nikijikaza na baibui langu, kijiji kizima kilikuwa kinanifichia mimi siri yangu. Walikuwa wamekatazana hata kuniambia nimenenepa.

Batul akachukua kadi tupu mezani, akaniuliza jina la baba kana kwamba hanijui, akaandika: Semeni Shaame, mimba ya nne. Nikapanda pikapu nimeishika. Hospitali walinilaza, wakanipa dawa ya sindano ya kuzuia kifafa, wakawa wananipima kila baada ya muda mfupi. Tarehe kumi na tano daktari akasema presha haishuki, asingoje zaidi, wakanipasua. Msichana, kilo mbili kasoro. Alilia kabla hawajamaliza kumtoa. Haroub alifika kesho yake, mikono inanuka karafuu, akamwadhinia huku machozi yanamdondokea mtoto puani hadi mtoto akapiga chafya.

Tumemwita Mize.

Sasa fungua bahasha kubwa. Mwatumu alipita nyumba kwa nyumba, na mimba yake ya miezi tisa, akiwaambia karatasi hizi ndizo zilizomwokoa nesi. Hakuna aliyesema najisi. Yule aliyeogopa mtoto kufungwa ndiye aliyechovya wa pili. Ni kumi na mbili, zilizokatwa kwenye karatasi ya kuchujia chai, za watu kumi na wawili, nakuapia. Ulisema jina lisiandikwe. Wamekataa. Mwatumu amesema yake iandikwe jina kubwa, asije akadhaniwa ni mtu mwingine.

Ya kumi na tatu ni ya mtoto. Niliikandamiza kwenye napi.

Mama mdogo wako,
Semeni


Uppsala, 30 Januari 1994

Mama mdogo,

Shikamoo. Nisalimie kijiji kizima, mmoja mmoja, na Mwatumu mara mbili. Theluji iko hadi magotini, na leo ni Jumapili, lakini profesa alikuja kunifungulia maabara. Hakuondoka. Alisema ana kazi zake, kisha akakaa akinitazama.

Karatasi kumi na mbili nimeziendesha zote. Tukazipeleka dirishani, tukaziweka moja juu ya nyingine. Ilikuwa fujo tupu, Mama mdogo, milima juu ya mabonde, hakuna mbili zilizolingana, kila mmoja wa akina mama wale ni mtu wake mwenyewe. Ngazi ya fundi hakuna tena. Profesa akasema, "Hawa sasa ni wanawake." Kazi itakuwa ndefu na ngumu, nami nina hamu nayo kuliko nilivyokuwa na ile ya kwanza. Na zako kumi na mbili hazikupotea. Hakuna maabara hapa iliyowahi kumfuata mama mmoja wiki kwa wiki namna ile. Anataka niandike habari zake. Nimemwambia mpaka mwenyewe aruhusu, na jina lisiandikwe. Mwatumu peke yake ndiye anayeweza kuandikwa.

Ule mlima kama mnazi hakuna mmoja wao aliye nao.

Nikaitia ya kumi na tatu. Niliogopa, sijui kwa nini, nikaigeuzia mashine mgongo mpaka ikanyamaza. Kisha nikatazama. Mkojo wa mtoto ni kama maji, mstari karibu wote umelala. Mlima ule upo. Mfupi, mwembamba, mahali palepale.

Unajua mama yangu hakuacha picha. Nimekua nikiuliza nafanana naye wapi, na kila mtu alinijibu lake, huyu pua, huyu mwendo, na wewe ulikuwa ukitoka chumbani. Sasa nimejibiwa na kitu kisichonionea huruma. Kwako upo, na kwangu upo, na mimi sikuupata kwako. Kabla ya kufika kwangu ulipita kwake, mzito hivihivi.

Kila mlima tunaupima, tunauandika daftarini, na pembeni kuna nafasi ya namba ya mtu. Nimeandika uzito. Pembeni, badala ya namba, nimeandika Mize. Sikuandika yupi.

Mwanao,
Thuwaiba